Kituo cha Kuchambwa Bure

Tarehe 3 Juni

Mke wangu wa uzeeni,

Nimefika. Usinicheke.

Fundi simu alinikuta nimekaa kibarazani nakata kucha za miguu, akaniambia, "Mzee, mjukuu wako yuko angani." Kisu kikanidondoka. Nikasema basi, ndivyo misiba inavyotangazwa siku hizi. Kumbe anasema huu mchezo wa kompyuta, wa kurusha vyombo gizani na kupigana risasi na watu ambao hata salamu hamjapeana. Akanionyesha ujumbe wako: "Mwambie babu aje kwenye kituo kikuukuu nyuma ya sayari nyekundu. Aniandikie huko, si kwingine."

Basi nimejibanza nyuma ya duka lake, kati ya maboksi ya chaja na redio zilizotolewa matumbo, najifunza kuruka. Chombo anachopewa mgeni kina sura ya ndoo, kwa hiyo nimekiita Ndoo. Nimeshaigonga sayari mara mbili. Sayari haikulalamika, ni fundi ndiye aliyelalamika.

Kituo chako nimekiona. Mama yangu! Kikubwa kuliko stesheni niliyoshikia bendera maisha yangu yote, ila hiki kimejaa mizinga iliyopoa, taa nusu zimekufa, na humo ndani hakuna hata panya. Fundi anasema palikuwa kambi ya vita, vita vikahamia kwingine, pakasahauliwa. Sanduku la barua liko pale mlangoni kama ulivyosema.

Sasa nijibu. Uko wapi? Unakula? Kwa nini simu yako imekufa tangu uondoke? Mama yako kila asubuhi ananitazama kana kwamba nimekumeza.

Andika kwa kirefu. Shule niliishia darasa la tatu, nilifukuzwa kwa kumcheka mwalimu alipokalia kiti kibovu, lakini kusoma najua.

Mumeo asiye na meno ya mbele,
Babu


Tarehe 6 Juni

Babu, mume wangu wa kusukumiziwa,

Nimecheka mpaka nimeziba mdomo kwa shuka. Nimesoma barua yako mara tatu na kila mara Ndoo inagonga sayari.

Mimi mzima. Simu iliharibika, ndiyo hivyo tu. Kazi si ya kulea watoto kama wakala alivyosema. Namtunza mzee, baba wa mama mwenye nyumba. Alikuwa mkaguzi wa shule. Kiharusi kimechukua miguu yote miwili, mikono inatetemeka, mdomo ndio haukuguswa hata kidogo. Kutwa yuko kwenye mchezo huu. Humo anaitwa Kapteni na chombo chake ni Heshima. Yeye anaamuru, mimi nabonyeza. "Kushoto! Nimesema kushoto, punguani wewe!" Mimi ndiyo mikono yake, Babu. Mchana akilala mdomo wazi, ndipo naandika.

Nimechagua kituo kwa sababu hii. Ujumbe wa kawaida unabaki ndani ya chombo, na mama mwenye nyumba huupitia kila jioni, neno kwa neno; ule wa kwanza kwa fundi niliubahatisha jioni aliyosahau. Barua ya kituoni inabaki kituoni. Na hapa ndipo pekee Kapteni anapokuja bila kuombwa, maana zamani aliiongoza kambi hii. Anafika, anaitazama mizinga, anapumua kwa nguvu, anasema turudi.

Lakini kuna balaa. Wenye mchezo wametangaza: kituo chochote kisicho na kazi, kisichopokea wageni, kitavunjwa mwisho wa mwezi huu. Kikivunjwa, sanduku linakwenda nacho. Babu, sina dirisha jingine. Sina kabisa. Kitafutie kazi hiki kituo, yoyote ile.

Niko wapi, sijui. Nililetwa kwa gari la vioo vyeusi, na ukuta wa hapa ni mrefu kuliko miti. Nilimuuliza Kapteni jina la mtaa, akasema ugonjwa umemfutia.

Mwambie mama nanenepa.

Mkeo asiyetolewa mahari


Tarehe 11 Juni

Mke wangu,

"Simu iliharibika, ndiyo hivyo tu." Mimi ndiye niliyekufundisha kusema uongo wakati unaiba sukari, leo unaniuzia bidhaa yangu mwenyewe?

Nimekwenda polisi. Kijana wa zamu kanisikiliza vizuri, kaniletea hata kiti. Halafu akasema, "Mzee, tupe anwani." Nikasema anwani ndiyo inayotafutwa. Akasema, "Basi ukiipata urudi." Nimekwenda kwa wakala. Ofisi yake sasa ni saluni.

Na huku kituoni mambo ni magumu. Kumbe yeyote anaweza kujiandikisha mtunzaji wa kituo kilichoachwa, nikajiandikisha. Fundi akashauri tufanye gereji ya vyombo. Nikafungua gereji. Hakuja mtu, na chombo kimoja kilichokuja kilikuwa kimepotea njia. Tukafanya kituo cha mafuta. Walikuja wanne, wakachukua mafuta, wakaipiga Ndoo risasi, wakaondoka wakicheka. Nilikaa humo kwenye giza lao nikitazama ile saa ya wenye mchezo inavyohesabu kurudi nyuma. Fundi akaniambia, "Mzee, ni mchezo tu." Nusura nimpige na redio.

Sina akili nyingine kwa leo. Ukiwa na wazo, nitumie. Ukiwa huna, nitumie neno lolote.

Babu


Tarehe 13 Juni

Babu,

Sina wazo. Mama mwenye nyumba anasema huyu mzee anapoteza muda na umeme, na kwamba ataiondoa mashine. Kapteni alilia mbele yangu kama mtu aliyefiwa. Nami nililia, yeye akadhani namlilia yeye.

Fanya upesi.

Mkeo


Tarehe 17 Juni

Mke wangu, kito changu, kipande cha mkate kilichobaki mezani!

Tumepona. Sikiliza.

Wale wezi wanne wa mafuta walirudi. Mafuta yameisha, Ndoo ina matundu, sina cha kupoteza, nikasema acha basi nife na ulimi wangu. Nikamwambia wa kwanza, "Wewe, chombo chako kimekaa kama birika lililokaliwa na shangazi." Wa pili, "Hiyo rangi uliichagua mwenyewe au ulikuwa umefungwa macho?" Wa tatu, "Mwendo gani huo, umekuja vitani au unatafuta choo?" Wa nne akaniomba mwenyewe: "Na mimi je, mzee?" Nikamwambia, "Wewe nakuonea huruma, Mungu alishamaliza." 

Mke wangu, walicheka. Hawakupiga risasi. Siku ya pili wakaja kumi na marafiki zao. Sasa wanapanga foleni! Watu wazima, wenye kazi zao na wake zao, wanavuka nyota kuja kuchambwa na babu yako. 

Basi nimeandikisha kazi ya kituo: mahali pa kupumzika na kuchambwa bure. Mizinga ya mlangoni nimeing'oa, na kwenye midomo yake nimetia taa, kijani na nyekundu, kama tulivyofanya reli. Ghala la risasi sasa ni chumba cha kusubiria, lina mabenchi. Ukumbi wa makamanda nimeufanya pa kulala vyombo vilivyochoka. Na sheria ni moja: humu ndani hakuna kurusha risasi. Anayerusha hachambwi tena. Hiyo wanaiogopa kuliko kifo.

Kuna mmoja anaitwa Boza, dereva wa gari la maji, anakuja kila akisubiri zamu ya kujaza tenki. Huyo nimemwambia ana kichwa cha koki, inapiga kelele na hakuna kinachotoka. Kafurahi kutwa nzima.

Tutavuka mwisho wa mwezi. Wewe njoo tu.

Mumeo, Mkuu wa Stesheni (nimejipandisha cheo, hakuna wa kunizuia)


Tarehe 20 Juni

Mke wangu,

Leo nimekuona! Heshima imeingia kwa madaha, inang'aa kama kipara cha mchungaji. Foleni ilikuwa ndefu, nikakupitisha mbele ya wote, nikakuchamba kwa upendo wote nilionao: "Haya, mke wangu kaja! Umeliacha lile zee lako linakoroma, mate yanadondoka kifuani? Ingia haraka, barua yako iko sandukuni, na usimwamshe huyo gunia la mifupa."

Watu walicheka mpaka Boza akasema kamwaga chai. Nikangoja unijibu. Ukageuza chombo ukaenda zako bila neno.

Ulikuwa na haraka? Au nimezidisha chumvi?

Babu


Tarehe 22 Juni

Mke wangu,

Hujaja. Barua yangu bado imo sandukuni, haijafunguliwa. Jana sikumchamba mtu. Nilikuwa nasimama mlangoni nikiangalia kila taa inayokuja.

Alikuwa macho, sivyo? Yule mzee. Alikuwa amekaa kando yako akisoma kila neno.

Babu


Tarehe 24 Juni

Mke wangu, au yeyote anayefungua barua hii,

Kama ni wewe Kapteni, kosa ni langu. Nilidhani nasema na mjukuu wangu peke yake. Mimi ndivyo nilivyo, hata kwenye mazishi ya kaka yangu walinitoa nje. Niadhibu mimi. Vunja Ndoo, vunja kituo chote, sitainua mkono. Lakini usimseme kwa mwanao. Nakuomba kwa magoti, na magoti yenyewe ni mabovu, kuyainua nitahitaji watu wawili.

Wageni wananiuliza mbona nimekuwa mpole. Wanasema nimewauzia mbovu. Wanaanza kuondoka.

Babu wa huyo mtoto


Tarehe 25 Juni

Kwa Mtunzaji wa Kituo,

Barua hii naisema mimi, Kapteni wa Heshima, na inaandikwa na msichana anayenihudumia.

Kwanza. Nimekuwa mkaguzi wa shule kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Walimu wakuu walikuwa wakisikia gari langu wanafagia upya. Hakuna aliyewahi kuniita gunia la mifupa.

Pili. Mate hayadondoki kifuani. Yanadondoka begani. (Babu, kasisitiza niandike hivyo.)

Tatu. Nilikasirika siku nne. Sikula vizuri. Msichana alidhani nitamshtaki kwa mwanangu, akawa anatetemeka kuliko mimi. Sikumshtaki. (Ni kweli, Babu. Ila hizo siku nne sikulala.)

Nne. Siku ya tano niligundua kwamba ninarudia maneno yako kichwani. Tangu nianguke, watu wote wananisemesha kama mtoto mchanga. "Babu amekula? Babu amekunywa uji wake wote? Hongera Babu!" Mwanangu hanigombezi hata nikimwaga sahani. Hakuna anayeona kwamba humu ndani kuna mtu wa kutukanwa. (Hapa anafuta macho kwa bega. Mkono haufiki.)

Tano. Nataka kuchambwa tena. Rasmi, mbele ya watu, na ujitahidi zaidi, ile ya gunia ilikuwa ya kawaida.

Sita. (Hapa kasema jambo kuhusu mkono wangu. Sitaliandika, Babu. Halina maana.)

Kapteni


Tarehe 25 Juni, jioni

Kapteni,

Gunia la mifupa nalifuta. Gunia hubeba kitu chenye faida. Wewe ni kiti kibovu cha ukumbi wa shule: hakuna anayekukalia, hakuna anayekutupa, kila mtu anakuhamisha kona kwa kona. Kesho foleni itakapojaa nitarudia kwa sauti.

Sasa nikuulize, mzee kwa mzee, na msichana asisome. Mkono umefanya nini? Na hiyo nyumba iko mtaa gani?

Mtunzaji


Tarehe 26 Juni

Kwa Mtunzaji,

Naandika kwa kidole kimoja, nimekifunga kalamu. Yupo uani anafua. Maneno yatakuwa machache.

Simu haikuharibika. Mwanangu aliichukua siku ya kwanza, na hati zake, amefungia kabatini. Hajawahi kutoka nje ya geti. Analala sakafuni kando ya kitanda changu. Mkono ni pasi. Aliunguza blauzi, mwanangu akamwekea pasi mkononi ili ajifunze. Kidonda hakijafunga. Nilipiga kelele. Kelele zangu hapa huitwa ugonjwa.

Kumbukumbu haijafutika. Mtaa naujua, nyumba niliijenga mimi.

Sikwambii. Akiondoka yeye, nani atanigeuza? Kabla yake walikuja watatu, waliniacha ubavu mmoja mpaka nyama ikaoza. Huyu ananigeuza bila kuambiwa. Huyu anajua nikisema kushoto nina maana ya kulia.

Nisamehe. Usinisamehe. Njoo kesho unichambe, nimezoea.

Kapteni


Tarehe 26 Juni

Kapteni,

Leo sikuchambi.

Nimesoma barua yako nikatoka nje ya duka, nikasimama barabarani, pikipiki ikanikwepa. Fundi kanirudisha ndani. Nimeulizwa na mama yake mtoto, "Babu, ameandika?" Nikasema anasema ananenepa. Nimeshindwa kula mbele yake.

Sina elimu ya kukushawishi. Ninachojua ni kushika bendera. Kwa hiyo nakupa nilicho nacho: nichukue mimi. Nina miaka sabini na kitu lakini mabega ni ya kuvuta mitambo ya reli, nimewahi kuinua gurudumu peke yangu ili nishinde dau la soda. Nitakuja, nitalala sakafuni hapo, nitakugeuza ubavu kwa ubavu, nitabonyeza kushoto ukimaanisha kulia. Mwanao akitaka hati zangu achukue, ni kitambulisho kimoja na picha yake imenitoa kama mwizi wa kuku. Akitaka kuniwekea pasi, ngozi yangu ishakuwa kiatu.

Mtoto umwache aende. Ana miaka kumi na tisa. Mimi na wewe tumeshakula chetu.

Nijibu. Nijibu leo. Siondoki kwenye kiti hiki, fundi kaniachia ufunguo.

Mimi


Tarehe 28 Juni

Kwa Mtunzaji,

Ungeniangusha. Kisha ungecheka. Kisha ungewasimulia wajukuu. Sikutaki.

Nyumba iko mtaa wa nyuma ya kiwanda cha magodoro, geti la kijivu, matenki mawili juu ya paa, moja limepakwa rangi ya samawati. Mji nimeuandika chini kwa herufi kubwa, usiseme hukuona.

Yule Boza wako nimemsoma kwenye foleni akijisifu kwamba anapeleka maji mpaka mitaa ya kiwanda cha magodoro. Mlinzi wa hapa hamfungulii mgeni, lakini gari la maji humfungulia bila kuuliza, na geti hubaki wazi mpaka mpira ukunjwe. Mwanangu huagiza maji tenki likikauka. Kwa hiyo tangu leo naoga mara nne kwa siku. Nimesema ninanuka. Mwanangu kasema, "Ni ugonjwa," akaruhusu. Msichana anadhani nimerukwa na akili, anabeba ndoo na kunung'unika.

Ndani ya gari awepo mtu mwenye sauti. Kuna chama cha wafanyakazi wa majumbani mjini hapa, nilikuwa nawaona wakiandamana nikawacheka.

Sharti moja. Nikimtoa, utanichamba kila siku, hata nisipojibu.

Kapteni


Tarehe 30 Juni

Babu,

Kaniambia. Kaniambia yote leo asubuhi nikiwa namsugua mgongo, kwa sauti ile ile ya kusema kushoto. Tenki la bluu limekauka. Maji yanaletwa kesho.

Nimemwogopa halafu nimemchukia halafu nimemfunika shuka, yote kwa dakika moja. Babu, alijua! Miezi yote hii alijua mtaa, nami nalia kando yake. Na bado nafikiria nani atamgeuza kesho jioni. Niambie mimi ni mjinga. Nikiona geti wazi na miguu ikakataa, itakuwaje?

Ananiamuru nilete Heshima hapa kituoni niiache imeegeshwa. Anasema hataki mashine izimwe ikiwa angani peke yake.

Mkeo


Tarehe 30 Juni

Mke wangu,

Wewe ni mjinga. Mjinga wa ukoo, umerithi kwangu. Miguu ikikataa, iburute. Ikigoma, keti chini Boza akubebe kama dumu. Huruma utamwonea ukiwa nje ya geti, huko nje iko nafasi ya kutosha.

Anwani nimeipeleka polisi, wakasema faili lisafiri kwanza mpaka mji huo; hatulingoji. Boza keshapata maelekezo, na mama mmoja wa chama atakaa kando yake. Nimezungumza naye kwa simu. Ana sauti, nilishika simu mbali na sikio.

Usinijibu. Toka.

Babu


Tarehe 2 Julai

Babu,

Naandika kutoka nyumbani kwa Boza, kwa simu ya mkewe. Nimeoga, nimekula, nimelala chumba chenye ufunguo upande wa ndani. Nimefunga na kufungua mara nyingi mpaka mtoto wao akauliza kama nimepotelewa na kitu.

Mama wa chama alisimama katikati ya ua akaita jina langu lote, na la baba yangu. Mlinzi alibaki ameshika geti. Mama mwenye nyumba alitokea dirishani akidhani ni ugomvi wa majirani, akamfokea Boza kwamba mpira unamwagia maua. Hajui kwamba Boza alihusika; anadhani mama wa chama aliingia kwa miguu geti likiwa wazi, maana sisi Boza alituchukua kwenye kona ya mbele. Hati zangu bado zimo kabatini, chama kimeshapeleka malalamiko pamoja na picha za mkono. Ndiyo, Babu, mkono. Usilie, nitakuonyesha ukija kunipokea stendi.

Miguu haikukataa. Hilo ndilo linaloniuma. Nilimgeuza ubavu wa dirishani, nikaweka mto, yeye akasema, "Kushoto." Nikaweka kulia. Akafumba macho. Nikatoka nikikimbia, hata viatu sikuvaa.

Mama wa chama aliuliza, "Na huyo mzee?" Wenzake wa chama wakamwambia ana mwanawe.

Mkeo


Tarehe 12 Julai

Kapteni, kiti kibovu, koleo lisilo na mpini, mkaguzi uliyekaguliwa na Mungu ukakutwa na upungufu,

Leo ni siku ya kumi na mbili nakuchamba na hujanijibu hata nukta. Heshima iko palepale nilipoiwekea nafasi, kwenye ukumbi wa makamanda, taa yake ndogo inawaka. Fundi anasema taa hiyo haina maana, huwaka hata kama mashine imeuzwa. Nimemwambia afunge mdomo auze chaja.

Kituo hakikuvunjwa. Wenye mchezo wametuma bango, wamelikubali jina zima, kuchambwa na yote. Wageni ni wengi. Kila asubuhi kabla ya foleni napita na Ndoo mbele ya chombo chako, namwaga mapya niliyoyatunga, na wao wanavua kofia, maana nimewasimulia. Jana mmoja alikutungia la kwake. Lilikuwa baya, nikalikataa, nikasema Kapteni hatukanwi na wanagenzi.

Mtoto amefika. Ananenepa kweli sasa. Kidonda kinafunga. Kila jioni ananiuliza, "Amejibu?" nami nasema unajifanya umelala.

Boza ameleta maji kwenu mara moja tangu siku ile. Anasema dirisha la chumba chako limefungwa, pazia limeshushwa, hakusikia sauti. Nilimuuliza, hata ya kugombana? Akasema hata ya kukohoa. Usiku ule nilimkasirikia Boza, mwanao, wewe na mimi mwenyewe, kwa zamu. Nimeshampata mtoto wangu kwa mkono wako. Siwezi kukaa hapa natunga matusi kama mtu anayezungumza na kisima.

Mama wa chama anasema wataomba mtu wa afya akutembelee, ila barua zinazunguka maofisini, na ubavu haungoji ofisi.

Basi sikiliza. Boza anahitaji mtu wa kushika mpira wakati yeye anapanda kwenye tenki. Nimeomba kazi hiyo nikapewa. Kutoka mshika bendera hadi mshika mpira, ndiyo kupanda cheo kwa uzeeni. Mjukuu kanikataza, mama yake kaficha viatu vyangu vizuri. Nitavaa vibovu. Basi linaondoka kesho, na zamu ya mtaa wa kiwanda cha magodoro ni Alhamisi.

Geti likifunguliwa nitauvuta mpira mpaka chini ya dirisha lako nianze. Nina mengi, nimeyahifadhi yale makali. Sitasema kwa kunong'ona. Nijibu, hata tusi moja tu. Likikushinda, piga kelele yako ile wanayoiita ugonjwa. Ikikushinda, kohoa. Nikisikia hata kikohozi, yule mama mwenye sauti yuko ndani ya gari, na safari hii ataita jina lako.

Mpira nitaushika hapo hapo mpaka tenki lifurike.

Babu